Ngazi za Inchi Kumi na Moja

Mwanangu Aika,

Barua hii si ya kusoma kwenye basi. Utaisoma kesho asubuhi kabla hujashuka barabarani, kwa sauti, umekaa kitandani kwa bibi yako. Usiisome kwanza kwa macho. Ukianza kwa macho utaona mahali pa kuruka, kwa kuwa una huruma, na bibi yako amesema akisikia kitu kimerukwa, na wewe au na mimi, ataufunga mdomo wake na hataufungua kamwe kwa chakula changu. Unajua maana yake. Tangu ulipokuwa darasa la sita hajala katika nyumba hii kitu kisichotoka mkononi mwako. Kesho mkono huo unaenda Mbeya.

Juzi uliniambia utawaandikia watu wa chuo wampe mwingine nafasi yako, ubaki umlishe bibi. Nikakujibu vibaya, nikakuambia usiniletee upuuzi. Ulidhani nimechoka na wewe. Nimechoka, hilo ni kweli, lakini si na wewe. Sababu ya bibi yako kutokula ninayo mimi, nimekaa nayo miaka mitano, na nilikuona ukitaka kuilipia wewe.

Ninaandika mchana huu umekwenda kuwaaga shangazi zako ng'ambo ya mto. Nimesimama, karatasi iko kwenye kingo ya dirisha, maana mdogo wako yuko mgongoni na nikikaa ataamka. Habari za shuka, sabuni na kutovaa viatu vibichi tumeshaongea. Nataka nikueleze nyumba hii. Unakwenda kujifunza kuchora nyumba, na hii uliyokulia niliichora mimi.

Nilikuja hapa Masama nikiwa na miaka kumi na sita, nawe uko tumboni miezi minne. Kwetu ni Tarakea, kwa Warombo, upande wa pili wa mlima, na Kichagga cha kule na cha huku havisikilizani. Bibi yako alinisemesha siku ya kwanza, nikamjibu cha kwetu. Akawageukia wanawake waliokuja kuniangalia, akasema kwa Kiswahili ili na mimi nipate: "Mwanangu ametuletea kuku anayelia kama bata."

Wakacheka sana. Mmoja akasema, "Labda atataga vizuri."

"Tutaona," bibi yako akasema.

Tangu siku hiyo mimi na yeye tunaongea Kiswahili, maneno ya sokoni na ya ofisini, ndani ya kihamba kimoja, shamba moja la migomba la ukoo. Nadhani ndiyo maana tulijua kuumizana vizuri. Hatukuwa na maneno laini ya kukosea.

Nyumba ilikuwa ile ya majani, ya mviringo, iliyokuwa kwenye migomba ya chini. Unaikumbuka. Watu wa leo wanaisifu, wanasema moto ulikuwa katikati na kila mtu aliuona uso wa mwenzake. Ni kweli, kama umepewa kigoda upande wa moto. Mimi nilipewa kigoda upande wa ng'ombe. Nilikuwa nikila na mkia wa ng'ombe ukinipiga shingoni, nawaona wao wamekaa kwenye mwanga. Hakuna aliyenifukuza. Kigoda kiliwekwa pale tu, kila siku, na kila siku nilikaa.

Ukazaliwa. Unajua mzazi anavyotunzwa huku. Miezi mitatu halimi, hachoti maji, hagusi ufagio. Kazi yake ni kula na kunyonyesha, na wa kumlisha ni mama mkwe. Chakula chenyewe ni mlaso, damu ya ng'ombe iliyopikwa na maziwa na mafuta mpaka inakuwa nzito. Baba yako alikuwa kazini huko tambarare, kiwanda cha sukari, anarudi mwisho wa mwezi. Mlaso ukapikwa. Niliunusa tangu asubuhi. Bibi yako akaupakua kwenye kibuyu, akanipita pale kitandani, akampa mlangoni jirani aliyejifungua mtoto wa kiume.

Nikamwambia, "Mama, na mimi?"

"Mlaso ni wa aliyetuletea mwanamume," akasema. "Wewe kunywa uji, Mrombo."

Mwanangu, mtoto mwenyewe ulikuwa wewe. Samahani kwa kukuambia hivi, tena kwa sauti yako mwenyewe, mbele yake. Ndivyo alivyotaka niandike.

Wageni walipokuja kumpongeza mzazi, bibi yako alichukua mafuta kwa kidole, akanipaka midomoni, ili waone midomo inang'aa wajue nimekula. Nilikaa hivyo, tumbo limeshikana na mgongo, midomo inameta, wanawake wanasema, "Eee, unatunzwa!" Nikasema ndiyo. Maziwa yangu yakakauka wiki ya tatu. Ulinyonya kwa jirani yuleyule aliyekunywa mlaso wangu.

Basi. Hilo ndilo lake. Yanayofuata ni yangu, na ni marefu zaidi.

Ulipokuwa na miaka kama tisa hivi, balozi wa nyumba kumi akaanza kupita akisema kila kaya ijenge nyumba bora, ya kudumu, yenye madirisha na choo. Baba yako akapata bati kazini. Akaniambia, "Chora wewe. Mimi najua mashine tu." Nikachukua nyuma ya daftari lako la hesabu, nikachora.

Hukuwahi kuniuliza nilijulia wapi. Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu nilikuwa nikisugua sakafu katika nyumba ya wageni ya masista kule kwetu. Mtu anayesugua sakafu anaijua nyumba kuliko anayeilalia. Niliona kwa nini wageni walipenda kukaa pale. Kulikuwa na benchi la saruji nje, pembeni mwa mlango, hivyo mtu alikaa kabla hajakaribishwa, na akishakaa haoni haya tena kubisha hodi. Paa lilitoka nje vya kutosha watu wawili kusimama bila kunyeshewa wakati wanangoja kufunguliwa. Kingo ya dirisha ilikuwa pana na ya chini, anayepita anaegemeza kiwiko, anazungumza na aliye ndani, na mazungumzo yakinoga anaingia. Kulikuwa na vigingi vya mbao ukutani vya kutundika gunia la mvua. Mlango ulikuwa mpana, mwanamke mwenye mkungu wa ndizi kichwani anapita bila kujipinda. Na ngazi zilikuwa fupi na pana, na pembeni bomba la kushikia, limelainika kwa mikono.

Vyote hivyo, ila ngazi na bomba lake, nimeviweka hapa, na wewe unavijua kwa mwili wako. Wasichana wenzako walikuwa wakikaa kwenye benchi letu baada ya kanisa hata kama hupo. Kuna mzee mmoja alisema nyumba ya Mama Aika ukipita unasikia kama umeitwa. Nilifurahi wiki nzima. Vitu hivyo havitaki mali nyingi, vinataka mtu akae afikirie mwili wa mwingine: goti lake liko wapi, kiwiko kiko wapi, ana nini mkononi, amelowa au hakulowa. Ukishajua kufikiria hivyo unaweza kumwalika mtu bila kufungua mdomo.

Na unaweza kumkataa. Kwa ujuzi uleule.

Bibi yako alikuwa na goti bovu tangu zamani, la kushoto, alianguka na mzigo wa majani akitoka tambarare. Alitembea na fimbo. Kwenye sehemu tambarare alikwenda vizuri, hata haraka. Kunyanyua mguu ndiko kulikomshinda. Nililijua goti lile kuliko yeye mwenyewe, maana nililikanda kwa maji ya moto miaka tisa.

Kiwanja kina mteremko, unakiona. Fundi Kileo alipokuja kupima aliniambia mara moja: "Mama Aika, mlango tuuweke huku juu. Ardhi iko sawa na sakafu. Hata kipofu ataingia."

Nikamwambia, "Mlango utazame chini, barabarani."

"Chini msingi utapanda karibu yadi. Itabidi ngazi."

"Weka ngazi."

"Ngapi?"

"Tatu."

Akacheka, akadhani sijui hesabu. Akachukua tepu yake akainyoosha, akanifundisha kama mtoto. "Sikiliza, mama. Kidato cha inchi sita, mtu anapanda bila kujua amepanda. Cha inchi nane, anajua. Huku chini ukitaka tatu tu, kila kimoja kitakuwa inchi kumi na moja. Hapo mtu hapandi, anaomba ruhusa. Hiyo si ngazi ya nyumba, ni ya ghala la kahawa."

"Weka kumi na moja."

"Na bomba la kushikia?"

"Mabomba hayapatikani."

"Mti basi. Nikuchongee mti wa mruka, kazi ya asubuhi moja."

"Acha, fundi. Mti utaharibu sura ya nyumba."

Akanitazama. Kisha akatazama chini kwenye migomba, pale bibi yako alipokuwa amekaa kwenye kigoda chake anatuangalia, na fimbo mapajani. Akakunja tepu yake. Alizijenga. Saruji yenyewe, mjomba wako aliipitisha kwa magendo kutoka nchi jirani kule Tarakea, mpaka ukiwa umefungwa, ndani ya magunia ya maharage. Nilihatarisha kaka yangu kufungwa ili nipate ngazi ambazo mtu mmoja hataweza kuzipanda.

Siku ngazi zilipokauka bibi yako alikuja mpaka uwanjani, akazigonga kwa fimbo.

"Hizi ni za kanisa?" akauliza.

"Ni za nyumba bora, mama."

"Mungu wenu anakaa juu sana."

Akageuka akaenda zake. Baba yako aliporudi mwisho wa mwezi alisimama pale chini na mfuko wake wa sukari, akasema, "Sasa mama atapandaje?" Nikamwambia atazoea. Akawasha sigara. Halafu akasema kuna mtu anamdai mazungumzo huko kwenye pombe ya mbege, akaondoka. Baba yako ni mtu mwema, na siku hiyo wema wake haukumsaidia mtu.

Miaka miwili bibi yako hakuingia nyumbani kwangu. Alikuja, kwa kuwa alikupenda wewe. Ulishakuwa na miaka kumi na ulikuwa ukimsimulia habari za shule, na yeye aliyeninyima mlaso kwa kuwa ulikuwa msichana alikuwa anakutunzia ndizi mbivu kwenye majivu. Alisimama uwanjani. Wageni walipanda, walikaa kwenye benchi langu, waliegemea kwenye dirisha langu, na yeye aliongea nao kutoka chini, amenyanyua shingo. Mimi nilimshushia chai. Kikombe kizuri, na kisosi, na mkono wa kulia nimeushika kwa wa kushoto kama mkwe aliyelelewa. Nilipiga goti kidogo. Wanawake wakasema, "Una bahati ya mkwe, bibi." Akasema ndiyo, nina bahati. Nilimpaka mafuta midomoni, Aika. Nilijua ninachofanya kila nilipokwenda kuchukua kile kisosi.

Uliniuliza mara moja kwa nini bibi hapandi. Nikasema anapenda hewa.

Sasa fika polepole, mwanangu. Hapa usiruke hata neno.

Ilikuwa masika, wewe uko Tarakea kwa mjomba, shule zimefungwa. Jumamosi, mvua ya manyunyu. Nilikuwa nimekaa mlangoni, sinia mapajani, nachambua maharage. Nikamwona anakuja kupitia migomba, amejifunika jani kichwani, na mkononi pamoja na fimbo ana sale.

Sale unalijua, ni jani lile la uzio wa kila kihamba. Lakini pale limefungwa fundo. Mtu akikuletea sale lenye fundo anakuomba msamaha, na huna njia ya kukataa. Hata walioua ndugu wa mtu wamekwenda na sale wakapokelewa. Mama mkwe kumletea mke wa mwanawe sale, sijawahi kusikia. Sijui alilala siku ngapi na wazo hilo.

Akasimama chini. Akasema, "Mama Aika."

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Nimekuja na sale." Akapangusa uso. "Kwa ule mlaso."

Miaka kumi na miwili nilikuwa nikingoja aseme neno lile. Nilikuwa nimejiambia akilisema tu nitalia, nitamwinua. Sikulia. Nilisikia kitu kimekaa vizuri ndani yangu, kama mtu aliyepata mahali pa kuegemea, nikamwambia, kwa sauti ya heshima kabisa:

"Panda, mama. Sale halipokelewi uwanjani."

Akazitazama ngazi. Akanitazama. Alijua, na alijua kwamba ninajua. Ningesimama ningemfikia kwa hatua mbili, nyumba ile ni yangu, ngazi zile nazipanda nikiwa na ndoo mbili. Sikusimama. Nilitoa jiwe kwenye maharage, nikalitupa pembeni.

Alipanda. Aliweka fimbo juu ya kidato cha kwanza, akaweka kiganja kwenye saruji iliyolowa, akavuta goti lile kwa mkono kama mtu anavyovuta gogo. Cha kwanza akakipata. Sale alikuwa amelishika kwa meno. Cha pili akakipandia kwa tumbo. Fimbo ikaanguka. Akanyoosha mkono pembeni kutafuta pa kushika, mkono ukapapasa hewa, mahali hasa ambapo fundi alitaka kuweka mti. Ukapapasa tena. Halafu akateleza.

Ulisikia kwa watu kwamba ni mvua. Mvua ilikuwepo.

Nyonga ilivunjika. Hakupiga kelele, alisema tu neno moja la Kichagga chao ambalo sikulijua na sijawahi kuuliza. Nilishuka wakati ule. Na sasa nakuambia jambo ambalo hata fundi hajui, wala baba yako, wala padri. Kabla sijamshika, kabla sijaita watu, nililiokota lile sale. Nilipanda nalo ndani, nikalisukuma kwenye moto jikoni, nikasimama mpaka nikahakikisha fundo limeungua. Watu wakilikuta wangejua alikuja kufanya nini, na wangejua nilimwacha apande nalo. Kisha nikatoka nikapiga yowe.

Yeye amelala kwenye matope aliniona nikiingia nalo. Aliunusa moshi. Sale bichi lina harufu yake.

Walimpeleka hospitali wakiwa wamembeba kwenye kitanda. Alipotolewa, baba yako akasema harudi kwenye nyumba inayovuja, wakampandisha hapa watu wanne, wamemfunga kwenye blanketi. Ndivyo alivyoingia nyumbani kwangu mara ya kwanza. Hajatoka tangu siku hiyo ila kwa kubebwa, kwa hiyo ngazi zilizomzuia kuingia ndizo zinazomzuia kutoka. Ningeweza kuzivunja. Kila masika nasema nitamwita fundi. Lakini kuzivunja kungekuwa kusema, na sikutaka kusema.

Siku ile ya kwanza nilimletea mtori wa ndizi. Alifumba mdomo. Wewe ulikuwa umesharudi, umesimama pale na sare ya shule, ukasema, "Labda ni wa moto, Mama, nipe nimpoozee." Ukapuliza, ukampa, akafungua. Umepuliza miaka mitano. Asubuhi kabla ya shule, jioni kabla hujavua viatu. Siku ile ulipoumwa malaria hakula mchana na usiku, mkakonda wote wawili. Watu wanasema uzee una vituko. Hajawahi kumwambia mtu yeyote. Angesema neno moja tu ukoo ungeniondoa hapa. Alikaa kimya akanifumbia mdomo, mara mbili kwa siku, akinitazama. Mimi nilimnyima mlango, yeye amenipa adhabu ya kulala nyumba moja na mashahidi wake, macho mawili.

Leo asubuhi ulipoondoka nilikwenda nikasimama mlangoni pa chumba chake.

"Mtoto anaondoka kesho," nikasema.

"Najua. Mimi ni kiwete, si kiziwi."

"Chakula nitakuletea mimi, mama."

"Mkono wako ninaujua."

"Basi unataka mtoto abaki?"

"Nani kasema abaki? Aende akachore. Mimi nitakaa."

"Utakaaje bila kula?"

"Nilikukalisha wewe bila kula," akasema, "mbona hukufa?"

Mdogo wako akaanza kulia mgongoni, nikamtikisa. Nikamwambia, nitazivunja ngazi, mama, nitamwita Kileo wiki hii, nitaweka mlango upande wa juu. Alicheka. Hujawahi kumsikia akicheka kicheko kile, hakina upepo.

"Ziache. Nimezoea kuzitazama. Hizo ngazi si deni lako kwangu, nami nilikuwa na zangu. Wewe ulichoma sale."

Ndiyo mara ya kwanza limetajwa kati yetu.

"Nifanye nini?" nikamwuliza.

"Mwambie mtoto."

"Nitamwambia jioni."

"Hapana. Mdomo wako una sukari, mimi naujua. Uliniamkia shikamoo nikiwa nimelowa. Andika. Anisomee hapa kesho, asubuhi, akiwa na nguo za safari. Weka na mlaso, sitaki kutoka msafi. Kama nikisikia yote, tutaona."

Hakuahidi kula. Alisema tutaona. Nawe umjue hivyo: anaweza akasikiliza mpaka mwisho na bado akaufumba.

Naogopa, Aika. Nilikuwa nikiogopa kwamba atakufa kwa njaa ndani ya nyumba yangu na watu waseme. Sasa hivi, nikiandika, hofu hiyo naiona ndogo. Ninaogopa uso wako utakapofika pale pa moto. Unaweza ukaamua hutaandika barua, hutarudi likizo. Sitakuomba usiamue hivyo. Nilitaka tu usikie kwangu na si kwenye matanga, na usiende Mbeya ukidhani umemwacha bibi yako kwa ajili ya masomo. Humwachi wewe. Nilimwacha mimi pale kwenye kidato cha pili.

Huko chuoni watakufundisha vipimo. Watakupa kitabu kitakachosema kidato kiwe inchi kadhaa, na utachora, na mwalimu atapiga vema. Sina elimu ya kubishana na kitabu. Lakini utakapokaa mbele ya karatasi utakuwa na mtu moyoni, kila mchoraji anaye, mtu unayempenda au usiyempenda, na mkono wako utamchorea. Mimi nilipochora benchi lile nilimfikiria kila mtu anayepita barabarani, watu nisiowajua majina. Nilipochora ngazi nilimfikiria mmoja tu. Na kitu kinachonisumbua ni kwamba ngazi zilikuwa kazi bora kuliko benchi. Zilipimwa kwa uangalifu zaidi. Ukijikuta unapima kitu kwa utamu wa namna ile, simama, nenda nje, unawe uso, halafu urudi uangalie umechora kwa ajili ya nani.

Siwezi kukuambia zaidi ya hapo kuhusu nyumba.

Jioni hii nitakusuka nywele, na hapo ndipo tutakapoagana mimi na wewe. Nitakuvuta kichwa kama kawaida, utalalamika kama kawaida, na hutajua ni kuagana mpaka kesho utakapofika mstari huu. Nisamehe kwa kukuibia kwaheri yako. Nilitaka niipate moja wakati bado hujanijua.

Wakati unasoma nitakuwa jikoni, mtori uko motoni. Ukimaliza, kunja barua uiweke kwenye sanduku, maana ni yako. Siku ukiwa na nyumba yako ukitaka uichome, ichome. Beba sanduku kwenye bega la kulia unaposhuka ngazi, uangalie hatua, maana hakuna pa kushika. Usingoje kuangalia kama atakula. Basi halitangoja, na kazi hiyo si yako tena. Usije jikoni kunieleza alivyosema, wala usiniite.

Sauti anayo. Akitaka, ataniita yeye. Asiponiita asubuhi nitapika tena jioni, na asiponiita jioni nitapika kesho yake. Yeye nilimngojesha kwenye mvua miaka miwili. Mimi nina jiko la kungojea.

Mama yako